Nimeishi kwa benefiti, na nimeishi na mwanamume aliyenipiga: jibu langu kwa mleta mada

Wakuu, salaam.

Kwa aliyeingia sasa hivi: mleta mada anauliza kama posho ambazo serikali za Ulaya huwapa watu wasio na kipato, hizi tunazoziita benefiti, ndizo zinazowageuza watu kuwa makatili hata wakaua. Mfano wake ni Mick Philpott wa Derby, Uingereza, aliyetia moto nyumba yake mwenyewe na watoto sita wakafa. Anasema mtu akilishwa bure anaharibika, na kwamba TASAF yetu, mfuko wa serikali ya Tanzania unaozipa kaya maskini ruzuku, nayo itatufikisha hukohuko. Wengi mmemuunga mkono.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mwaka 2012 nilikuwa naishi Derby, safari ya basi moja tu hadi mtaa wa Allenton ulipotokea moto ule. Mwaka huohuo na mimi niliingia kwenye benefiti, na kilichonipeleka huko ni kipigo. Jibu langu kwa mleta mada ni hapana. Naomba mnivumilie, nitaandika kwa kirefu kwa sababu jambo hili naliona kila wiki kazini na limepita kwenye mwili wangu.

Nianze na moto wenyewe. Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 11 Mei 2012. Nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri, yenye vyumba vitatu, barabara ya Victory. Petroli ilimwagwa chini, karibu na mlango wa mbele, na watoto walikuwa wamelala juu. Watano walikufa alfajiri ile, wa sita, mvulana wa miaka 13, alifia hospitalini baadaye. Wakati ule nilikuwa nasafisha ofisi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na ule mji ulivyokuwa siku ile sijausahau. Kwenye basi hakuna aliyeongea. Watu walipeleka maua na midoli hadi barabara ikajaa, wakachanga pesa za mazishi, hata sisi wasafishaji tulizungusha bahasha. Siku chache baadaye Philpott na mkewe wakatokea kwenye televisheni mbele ya waandishi, analia, anashukuru watu. Nilimwonea huruma. Nilisimama na tambara langu mkononi nikalia naye.

Kumbe ni yeye. Mahakamani Nottingham ikaelezwa kwamba mwanamke mwingine aliyekuwa akiishi naye nyumba ileile, pamoja na mkewe, alikuwa ameondoka mwezi Februari na watoto wake watano. Asubuhi ya moto ndiyo asubuhi ambayo mahakama ilikuwa isikilize watoto hao wakae na nani. Mpango ulikuwa nyumba iwake, lawama imwangukie yule mwanamke, na Philpott apande dirishani awaokoe watoto aonekane shujaa. Moto ukamshinda. Aprili 2013 yeye, mkewe na rafiki yao mmoja walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Yeye alipewa kifungo cha maisha, akae ndani angalau miaka 15 kabla ya kufikiriwa kuachiwa. Wale wawili walipewa miaka 17 kila mmoja.

Keshoyake tu baada ya kutiwa hatiani, gazeti la Daily Mail likaweka picha yake ukurasa wa mbele na maneno yaliyomwita zao ovu la Uingereza ya benefiti. Siku ya hukumu waziri wa fedha wa wakati ule, George Osborne, alikuwa Derby. Alisema Philpott mwenyewe ndiye mwenye dhambi yake, lakini akaongeza kwamba kuna swali kwa serikali na jamii, kama walipa kodi wanapaswa kugharimia maisha ya namna ile. Wiki hiyohiyo mabadiliko makubwa ya kupunguza benefiti yalikuwa yameanza kutumika. Ndipo hoja ya mleta mada ilipozaliwa. Imesafiri miaka yote hii hadi humu.

Sasa kuna mambo mawili kwenye kesi ile ambayo wanaoitumia kama mfano huyaruka.

La kwanza ni la mwaka 1978. Philpott alikuwa kijana wa miaka 21. Msichana mmoja alipomwambia hamtaki tena, alimfuata nyumbani kwao usiku akamchoma visu mara nyingi, na mama wa binti alipoingia kumwokoa naye akachomwa. Alifungwa miaka 7 kwa kujaribu kuua. Mnajua wakati ule alikuwa anakula wapi? Jeshini. Alikuwa askari wa jeshi la Uingereza mwenye mshahara, sare na kitanda. Kosa lake la 1978 na la 2012, ukiondoa miaka 34 katikati, ni lilelile: mwanamke ameondoka, na yeye hakubali mwanamke aondoke.

La pili ni akaunti ya benki. Watu hudhani wale wanawake wawili walikuwa wamekaa tu nyumbani wanazaa. Walikuwa wakifanya kazi, wasafishaji kama mimi. Mishahara yao ilikuwa inaingia kwenye akaunti ya Philpott. Posho za watoto nazo zilikuwa zinaingia kwenye akaunti ya Philpott. Jaji aliyetoa hukumu alilieleza hili wazi, pamoja na namna alivyowatawala wanawake maisha yake yote. Yule aliyeondoka aliondoka na mshahara wake, posho ya watoto wake, na watoto wenyewe, kwa mkupuo mmoja.

Niliposoma habari ile ya akaunti nilikaa chini. Kwa sababu ilikuwa akaunti yangu.

Nilifika Derby mwaka 2011 kwa viza ya mwenza, na mimba ya miezi minne. Mume wangu wa wakati ule alikuwa mtu wa kwetu kabisa, ndugu zake wanajulikana, harusi ilichinjwa mbuzi watatu. Alikuwa akifanya kazi usiku kwenye ghala, mtu wa kulipa kodi, hajawahi kuchukua hata senti ya benefiti na alikuwa akiwatukana wanaochukua. Nilipojifungua na kupata kazi ya usafishaji, mwajiri akaniomba namba ya akaunti. Nikaenda benki. Benki wakataka barua yenye jina langu na anuani. Bili ya maji ilikuwa kwa jina lake, ya gesi kwa jina lake, mkataba wa nyumba kwa jina lake. Nikarudi mikono mitupu. Akaniambia, si uweke yangu tu, sisi si kitu kimoja? Nikaandika namba yake kwenye ile fomu. Kuanzia siku hiyo sikuuona mshahara wangu.

Umeme wa nyumba ile ulikuwa wa kulipia kabla, kama LUKU, ila kwao mita nyingine zina kifunguo kidogo cha plastiki. Unakipeleka dukani, unalipa pauni kadhaa, wanakiingiza kwenye mashine yao, ukirudi unakichomeka kwenye mita. Mume wangu alikuwa akienda nacho kazini. Kifunguo kilining'inia pamoja na funguo zake za gari, ananiaga, nakiona kinacheza. Januari, umeme ukikatika saa mbili usiku, mimi na mtoto wa miezi mitatu tunabaki gizani hadi saa moja asubuhi arudi. Nilikuwa namfunga mwanangu kifuani kwa kanga mbili, juu navaa koti. Nilipomwambia aniachie kifunguo ndipo aliponipiga mara ya kwanza. Mkono wa nyuma, wenye pete.

Mnielewe hapa. Sisemi kazi ya ghalani ndiyo iliyomfanya anipige. Hakuna gazeti lililoandika kwamba mume wangu ni zao la mishahara. Hakuna waziri aliyeuliza kama ghala lile liendelee kugharimia maisha ya namna ile. Na Harold Shipman, daktari wa Kiingereza ambaye tume ya uchunguzi ilithibitisha aliwaua wagonjwa wake wasiopungua 215, hakuna aliyesema udaktari ndio uliomlea. Mwenye kazi akiua, tunamtazama yeye. Mwenye benefiti akiua, tunatazama benefiti.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kikongo kutoka Uvira. Alikuwa akisikia kupitia ukutani. Siku moja alinikuta kwenye ngazi, akanishika kidevu akageuza uso wangu kwenye mwanga, akasema, "Dada, ule bwana atakuua siku moya, na mtoto ataona." Akanipa simu yake nipige.

Nikapiga kwenye nyumba moja ya hifadhi ya wanawake wanaokimbia vipigo. Dada aliyepokea alinisikiliza vizuri, kisha akauliza swali moja: kwenye viza yako, una haki ya fedha za umma? Nikamsomea maneno yalivyoandikwa. Hapana, sina. Akanyamaza kidogo. Akanieleza kwamba chumba chao hulipiwa na posho ya nyumba ya yule anayeingia, na mimi siwezi kuomba posho hiyo, hivyo hawana namna ya kunilipia. Aliomba radhi mara tatu. Nikarudisha simu, nikaenda kupika.

Hapo ndipo mleta mada aniangalie vizuri. Mimi ndiye mtu anayemtaka: mtu ambaye serikali haimpi chochote, hana pa kuegemea, hana posho ya kumharibu. Na kwa sababu hiyo hasa nilirudi chini ya mkono wa mtu wa kunipiga na kukaa miezi mingine sita. Kama angeniua katika miezi ile, ningekuwa kwenye hesabu ya uhalifu wa kikatili, na kilichokosekana ni benefiti.

Kilichonitoa ni kanuni ndogo iliyoanza kutumika Aprili 2012. Ilisema mtu aliyekuja kwa viza ya mwenza, ndoa ikavunjika kwa sababu ya ukatili, anaweza kuomba miezi mitatu ya kuwa na haki ya fedha za umma wakati anaomba ukaazi wake mwenyewe. Nilielezwa na muuguzi aliyekuja kumwangalia mtoto, mwezi wa saba, wiki chache baada ya mazishi ya wale watoto sita. Nadhani mazishi yale yalimfungua macho, maana aliuliza maswali ambayo miezi yote hakuwa ameyauliza. Alimtuma mume wangu dukani kununua maziwa ya kopo, mlango ulipofungwa tu akaniambia, una dakika kumi, nieleze.

Nilitoka na mfuko wa nepi, pasipoti mbili na kadi ya kliniki. Posho yangu ilikuwa pauni 71 kwa wiki, na baadaye pauni 20 na senti 30 za mtoto. Nyumba ya hifadhi iliniandikia barua yenye jina langu na anuani, nikaenda nayo benki, benki ileile, nikafunguliwa akaunti. Nilipopewa nyumba mwaka uliofuata, nayo ilikuwa na mita ya kifunguo. Nilikwenda duka la kona nikaweka pauni 10, nikarudi nikawasha taa za vyumba vyote, hata bafuni, nikakaa kwenye zulia na mwanangu tukazitazama tu.

Nilipata ukaazi, na kwa jumla nilikaa kwenye benefiti mwaka mmoja na miezi minane. Kisha nikasomea ukalimani, na sasa ni mwaka wa 11 natafsiri Kiswahili polisi, mahakamani, hospitalini na kwenye ofisi za Jobcentre, zinazoshughulikia kazi na benefiti. Nalipa kodi. Wale mnaosema pesa ya mlipa kodi inaliwa, na yangu imo humo, na nasema bila kusita kwamba haijaniuma.

Sasa nitoke kwenye yangu, maana mtu mmoja hapo juu ameandika "kisa cha mtu mmoja si ushahidi". Ni kweli. Philpott naye ni kisa cha mtu mmoja.

Mwaka 1996 Rais Clinton wa Marekani alisaini sheria ya kukaza benefiti, tarehe 22 Agosti. Kati ya yaliyobadilika ni posho ya watoto wenye ulemavu: waliotimiza miaka 18 baada ya tarehe ile walianza kupimwa upya kwa ukali, na wengi wakaondolewa. Waliotimiza kabla kidogo ya tarehe ile hawakuguswa sana. Kwa hiyo una vijana wa aina moja, tofauti yao ni siku ya kuzaliwa tu. Watafiti wawili, Manasi Deshpande na Michael Mueller-Smith, waliwafuatilia kwa miaka ishirini na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Walioondolewa walishtakiwa kwa makosa zaidi kwa asilimia 20. Makosa ya kutafuta pesa, yaani wizi, kuvunja nyumba, utapeli, kuuza mwili, yaliongezeka kwa asilimia 60. Uwezekano wa kufungwa jela ukapanda sana. Makosa ya ukatili hayakusogea kwa namna ya maana.

Soma hilo la mwisho tena, kwa sababu mleta mada anauliza habari za ukatili. Pesa ikiondolewa watu wanaiba. Kupiga na kuua kuna mizizi mingine.

Kuna utafiti mwingine wa C. Fritz Foley wa mwaka 2011, wa miji 12 ya Marekani. Pale ambapo benefiti zote hulipwa mwanzoni mwa mwezi, makosa ya kutafuta pesa huongezeka kadiri mwezi unavyokwisha na pesa inavyoisha mfukoni. Aliyewahi kuishi tarehe 25 akisubiri tarehe mosi hahitaji kuelezwa.

Nitakuwa mkweli na upande wa pili, maana nao upo. Alaska, jimbo la Marekani, karibu kila mkazi hulipwa gawio la mafuta mara moja kwa mwaka tangu 1982, tajiri na maskini. Watafiti wameona kwamba baada ya malipo, polisi huitwa zaidi kwa matukio ya ulevi na dawa, na huitwa kidogo kwa wizi. Kwa hiyo pesa ikiingia kwa mkupuo kwenye mkono wa mlevi, usiku ule huenda kuna atakayeumia. Nimetafsiri kwenye vituo vya polisi saa nane za usiku kesi za namna hiyo, sikatai. Lakini nimetafsiri pia kesi za usiku wa mshahara. Na usiku wa fainali ya mpira.

Kulinganisha nchi hakutusaidii sana, ingawa watu wanapenda. Ukisema Denmark na Norway wana benefiti nono na wauaji wachache mno, mwenzako atakuambia Afrika Kusini inawalipa mamilioni posho na mauaji yake yanatisha. Wote wawili wamesema kweli na hakuna aliyejibu swali.

Kosa la mfumo wa benefiti nitawaambia lilipo, na ndilo ambalo gazeti lile lilikuwa nalo mkononi likaliacha. Ni ile akaunti. Uingereza ilianzisha Universal Credit mwaka 2013, ikaunganisha posho sita kuwa moja. Kwa watu wanaoishi pamoja, malipo ya nyumba nzima, ya watoto, ya kodi ya pango, ya kila kitu, kwa kawaida huingia kwenye akaunti moja mara moja kwa mwezi. Kuyagawa kwa watu wawili inawezekana, ila ni lazima uombe, ueleze kwa nini, na ukiomba yule bwana ataona pesa zimepungua na atajua nani kasema. Kwa hiyo wiki zilezile ambazo viongozi walikuwa wanamzungumzia Philpott na akaunti yake, nchi ilikuwa inatengeneza utaratibu ambao mtu kama Philpott angeupenda.

Sitataja mji wala mwaka. Niliwahi kumtafsiria mama mmoja wa nchi jirani na kwetu, ana watoto wanne. Ofisa akamwuliza, kila mwezi kwenu inaingia pauni ngapi? Yule mama akanitazama mimi, kana kwamba swali nimeuliza mimi. Akasema, "Inaingia pesa?" Miaka mitatu alikuwa akiambiwa na mumewe kwamba serikali imewakatalia, na anahesabiwa sarafu za basi mkononi. Ilibidi nitafsiri swali lile kwa sauti ya kawaida, kama mkalimani anavyotakiwa, halafu nikaenda chooni nikanawa uso.

Na tazameni walichofanya na hasira ile ya 2013. Waziri yuleyule mwaka 2015 alitangaza kwamba sehemu ya watoto kwenye posho za wenye kipato kidogo itatolewa kwa watoto wawili tu, wa tatu hana. Ikaanza Aprili 2017. Mwanamke aliyezaa mtoto wa tatu kwa kubakwa aliweza kusamehewa, lakini lazima lijazwe kwenye fomu kwamba mtoto huyu alipatikana namna hiyo. Na kama bado anaishi na huyo aliyembaka, hapati. Novemba 2025 serikali ilitangaza kuifuta sheria hiyo kuanzia Aprili 2026. Miaka tisa. Watoto waliozaliwa ndani ya hiyo miaka hakuna hata mmoja aliyewahi kumjua Philpott.

Nije TASAF, kwa sababu mleta mada ameigusa na mimi shangazi yangu Muheza ni mlengwa. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulianza 2012, umefikia kaya zaidi ya milioni moja, na malipo yake ukiyaweka mbele ya mtu wa Ulaya hatajua ni ya kitu gani, ni madogo kiasi hicho. Shangazi hupokea kila baada ya miezi miwili, wakati mwingine inachelewa. Akipokea ananunua daftari na sabuni, na mara moja alinunua kuku wanne ambao mpaka leo ndio benki yake. Anayesema pesa ile itamfanya mtu azembee hajaiona.

Kama hofu yako ni ukatili, tuna ushahidi wa jirani tu hapo. Rarieda, Siaya, nchini Kenya, kati ya 2011 na 2013, shirika la GiveDirectly liligawa pesa kwa kaya maskini bila masharti, na watafiti wakiongozwa na Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakapima. Kwa wanandoa walipiga kura ya bahati nasibu, nyumba nyingine akapewa mume, nyingine mke. Vipigo vilipungua kote kote. Pesa ilipopewa mke, ukatili wa kingono nao ulipungua. Nilipoisoma sehemu hiyo ya mwisho niliisoma mara mbili, nikamsomea mwanangu ambaye sasa ni kijana mkubwa. Akaniuliza, "Mama, yaani ni nani tu anaipokea?" Nikamwambia ndiyo baba, nani anaipokea.

Kwa hiyo mleta mada, kama kweli unaijali nchi, acha kuuliza kama wapewe au wasipewe. Nenda kaulize kijijini kwenu swali hili: siku hizi ambapo malipo mengine yanapita kwenye simu, ile laini imesajiliwa kwa jina la nani, na namba ya siri anaijua nani? Shangazi yangu anapokea kwa laini ya mkwewe kwa sababu kitambulisho chake cha taifa kilichelewa. Mkwe ni mtu mwema. Hiyo ni bahati yake tu.

Na kuna watakaofika mwisho wa uzi huu ambao hawakuja kubishana, najua mpo, maana na mimi nilikuwa nikisoma majukwaa usiku simu ikiwa imefichwa chini ya mto. Kama upo Uingereza kwa viza ya mwenza na unapigwa: ile kanuni ya 2012 bado ipo, imebadilishwa jina tu mwaka 2024. Usijaze fomu yake peke yako. Ukishaijaza, viza yako ya mwenza inabadilika na unabaki na miezi mitatu ya kuomba ukaazi wako, kwa hiyo ongea kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, wapo wa bure. Simu ya msaada wa ukatili wa nyumbani ni 0808 2000 247, hailipiwi, saa 24. Kiingereza kikigoma taja neno moja tu, "Swahili", na subiri kwenye laini wakutafutie mkalimani. Piga kwa simu ya jirani ukiweza. Na kama kuna barua yoyote nyumbani yenye jina lako na anuani, hata ya kliniki ya mtoto, itoe leo uiweke kwa mtu unayemwamini.